Kikaratasi Kilichosema Tayari

Ninyi vijana mnaojifunza ufundi wa cherehani hapa kwetu Shauri Moyo mmenicheka vya kutosha kwa sababu ya vikaratasi vyangu, kwa hiyo acheni niwaeleze mara moja, tumalizane na jambo hili. Kila mashine iliyoko rafuni ina kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Juu yake mnaandika kilichotolewa, kilichotiwa na kinachokosekana. Neno "tayari" siliruhusu. Na hakuna anayetoa kipuri kwenye mashine inayomngoja mwenyewe, hata mteja mwingine akija akalia mlangoni.

Juzi Achieng, ambaye ana mikono mizuri kuwashinda ninyi nyote na anajua, aliniambia kwa jina lenu la kuniita babu, "Guka, si tunatoa tu kwa hii ingine, kesho tunarudisha? Nani atajua?" Nikamfokea mpaka muuza mahindi wa huko nje akachungulia. Achieng, pole. Maneno hayo niliyasema mwenyewe nilipokuwa na umri wako, karibu neno kwa neno, na ndiyo maana yalinichoma.

Mimi nilifundishwa na Mzee Ramadhani wa Majengo. Alikuwa na karakana barazani, hapo karibu na njia ya kwenda soko la Gikomba, na kila asubuhi alikuja kwa miguu na chupa yake ya chai kwapani. Miezi sita ya kwanza sikushika bisibisi. Nilitoa vumbi na nyuzi kwenye mashine za watu kwa brashi, na nilinyamaza. Kunyamaza ndilo lililokuwa somo, lakini mimi nilidhani ni adhabu.

"Mteja akija, mwambie ashone kwanza," Mzee alikuwa akisema. "Wewe usiguse kitu. Tazama mikono yake, sikiliza mashine. Ukikimbilia kufungua, utatengeneza ugonjwa ambao haupo."

Siku moja mama mmoja wa mtaa wa Bahati, mshonaji wa nguo za kwaya, alileta mashine akisema imerogwa, inakata uzi kila baada ya shubiri moja. Nilikuwa nimeshaanza kulegeza skrubu. Mzee akaninyang'anya bisibisi, akamwekea mama kiti. Mama akashona mistari miwili, uzi ukakatika mara mbili. Mzee akainama, akachomoa sindano, akaigeuza upande, akairudisha. Uzi haukukatika tena. Mama alikuwa ametia sindano kinyume kwa wiki nzima. Aliondoka bila kuaga kwa aibu, na kesho yake akatuletea mandazi.

Nami nilikuwa na ya kwangu. Nikiwa bado mgeni kazini, niliijaza mafuta mashine ya fundi mmoja wa Makongeni, nikijiona mkarimu. Hakuniambia kwamba siku hiyo anamalizia gauni la harusi. Doa likakaa katikati ya mgongo, kubwa la kutosha kuonekana kutoka mwisho wa kanisa. Fundi yule akashona ua la kitambaa juu yake, na bibi arusi akaolewa na ua mgongoni. Mwezi uliofuata wasichana wawili walimwagiza gauni lenye ua mgongoni. Hata hivyo nilikoma. Tone moja kila tundu, kisha unashona kwenye kitambaa kikuukuu mpaka kitoke kisafi, ndipo unamwita mwenyewe.

Hilo naweza kulisimulia nikicheka. Linalofuata silicheki.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati huo Mzee Ramadhani amenifanya mshirika wake. Mashine za zamani za mkono bado zilikuwa nyingi kwa watu, na zile hazikuwa na bobini ya duara mnayoijua ninyi. Ukitelezesha bamba unakuta chini yake kijumba cha chuma chembamba, chenye ncha mbele, urefu wa kidole, na ndani yake imelala bobini nyembamba ndefu iliyoviringiwa uzi. Kilikwenda mbele na nyuma kikipitisha uzi wa chini. Sisi karakanani tulikiita mtumbwi kwa sababu ya umbo lake. Bila mtumbwi mashine inazunguka vizuri tu, sindano inapanda na kushuka, lakini unachopata ni kitambaa chenye matundu. Na mitumbwi ilikuwa imeacha kuletwa nchini.

Dada yangu mkubwa, Wambui, aliishi nje kidogo ya Nyahururu na watoto wanne. Mumewe alikuwa amefariki, na mashine ya mkono ndiyo iliyokuwa jembe lake. Ilipogoma alinitumia Nairobi kwa basi. Niliitengeneza, nikaandika kikaratasi, "Tayari, ya Wambui," nikaiweka rafuni nikingoja safari yangu ya kwenda huko juu.

Baada ya wiki moja akaja fundi wa Gikomba mwenye mashine ya aina ileile. Mtumbwi wake ulikuwa umepasuka na alikuwa na suti ya mtu mkononi. Nikatelezesha bamba la mashine ya Wambui, nikautoa mtumbwi wake mzima, nikampa. "Siku mbili tu," nikamwambia. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi sote wakati ule. Mashine iliyokaa ilitolewa kipuri kwa ajili ya iliyo na haraka, na nani angejua? Yule fundi alihamia Isiolo na mashine yake. Mimi nikasahau kabisa. Kikaratasi kikabaki pale kikisema tayari, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mwezi wa nne nikapata barua ya Wambui. Shule ya msingi ya pale kwao ilikuwa imempa kazi ya kushona sare za wasichana, magauni thelathini, kazi yake ya kwanza kubwa. Vitambaa alikuwa ameshavikata. "Mwalimu mkuu amesema zisipokuwa tayari siku ya kufungua shule, kazi inakwenda kwa mafundi wa mjini, na hairudi," aliandika. "Nimeanza kwa sindano ya mkono, lakini vidole vimevimba. Niletee mashine, Kamau." Zilibaki siku kumi.

Nikaondoka Jumatano na pikapu ya karakana, peke yangu, kwa kuwa Mzee alikuwa na magoti yasiyopenda safari. Pikapu ilikuwa ya kijivu, isipokuwa mlango mmoja wa buluu tuliotafutiwa Gikomba baada ya ule wa kwanza kung'oka. Niliweka vifaa, mashine za wateja wa njiani, na ya Wambui nikaifunga nyuma ya kiti changu kwa blanketi isipate mtikisiko. Nilijiona ndugu mwema.

Nataka mjue safari ya namna ile ilikuwaje kwa mtu wa Nairobi mwenye ukoo kandokando ya barabara. Huendeshi gari, unahamisha jamaa. Kila nyumba inataka mkate, sukari na majani ya chai kutoka kwako, na kila nyumba inakupa mzigo wa kupeleka nyumba inayofuata. Kwa mjomba wangu Maragua nilifika saa sita mchana nikiwa na nia ya kunywa kikombe kimoja. Nikala chakula cha mchana mara mbili, kwake na kwa mwanawe, maana mke wa mwanawe angechukia. Kisha mjomba akaliombea gari, kifaa kimoja kimoja, breki, klachi, redieta, na alipofika kwenye vijiti vya kupangusia kioo mvua ikaanza. Nikalala huko. Asubuhi pikapu ilikuwa na mikungu mitatu ya ndizi na jogoo aliyefungwa miguu ambaye sikuambiwa ni wa nani.

Kabla ya kufika Karatina, lango la shangazi yangu Nyambura liko palepale kando ya lami. Ni dada ya baba yangu, sisi tunamwita Tata, na ndiye aliyenishonea kaptura yangu ya kwanza ya shule. Kwa Shangazi huingii ukatoka. Utakula, utasikiliza habari za kila mtu wa kijiji, na asubuhi atasema mvua itanyesha, kaa. Nilikuwa na mashine za shule ya ushonaji Nanyuki zilizokuwa zikiningoja siku ile ile. Nikajiambia nitasimama wakati wa kurudi. Nilipofika langoni nikakanyaga mafuta na kutazama upande wa pili wa barabara. Mtu mzima, nikatazama upande wa pili.

Nanyuki nilifanya kazi yangu, nikalala kwa ndugu yangu. Ijumaa asubuhi, nikiwa najiandaa kwenda Nyahururu, Njeri, mke wa ndugu yangu, akaniomba nimpindie pazia. "Si una mashine nzima hapo, shemeji?" Nikaishusha ya Wambui, nikaiweka mezani. Nikamwambia ashone mwenyewe kwanza, nijivunie kazi yangu.

Njeri alizungusha mkono, pazia likapita chini ya sindano, likatokea upande wa pili na mstari mzuri wa matundu.

"Imekataa," alisema.

Nikatelezesha bamba. Mahali pa mtumbwi palikuwa pameng'aa kwa mafuta, safi, patupu. Nilikumbuka kila kitu papo hapo, yule fundi, ile suti, na nilivyosema siku mbili tu. Nikakaa chini.

Nilikwenda posta nikapiga simu Nairobi, kwenye duka lililo jirani na karakana, nikangoja Mzee Ramadhani aitwe. Nikamweleza.

"Aliyeuchukua yuko Isiolo, na hatujui mtaa," alisema. "Na hapa hakuna mwingine, hata mbovu. Kamau, wajua mtu yeyote njiani mwenye mashine ya aina hiyo?"

Nilimjua mmoja tu. Nilikuwa nimempita jana yake.

Niliipakia tena ya Wambui nikarudi nilikotoka, mwendo wa saa mbili na zaidi kwenye mvua. Karatina nilinunua mikate miwili na sukari, kisha nikaongeza majani ya chai, kisha nikarudi dukani nikaongeza sabuni. Mtu mwenye makosa hununua ovyo. Shangazi nilimkuta barazani akichambua maharagwe. Hakuinuka.

"Karibu, mwenye mlango wa buluu," alisema. "Jana nilikuona. Nikasema, huyo amepitiliza kwa bahati mbaya, atageuza gari hapo mbele. Nikaweka chai."

Nikaweka vile vitu chini na kukaa kwenye kigoda.

"Ilichemka ikapoa. Tukainywa na wanawake wa kanisa. Haya, sema. Hukurudi kwa ajili ya chai."

Nikamwambia yote, sikuficha. Aliendelea kuchambua maharagwe mpaka nilipomaliza.

"Hiyo ya Wambui ilikuwa imeandikwa nini?"

"Tayari, Tata."

"Na nani aliandika?"

"Mimi."

Akatupa jiwe dogo uani, akainuka. "Vua koti."

Mfuko wa koti langu ulikuwa umening'inia kwa uzito wa bisibisi. Akanipeleka chumbani ilikokuwa mashine yake, juu ya meza ya mbao karibu na dirisha. Kando yake kulikuwa na kikapu cha vitambaa vyeupe vya kichwa, maana kila Alhamisi wanawake wa kanisa lao walikusanyika hapo kushona. Mashine ya Shangazi ndiyo pekee kijijini kwao. Akaketi, akatia koti langu chini ya sindano na kuanza kuzungusha.

Mnajua desturi yangu, mwenye mashine ashone kwanza, nami nisikilize. Nikasikiliza. Hakukuwa na mlio hata mmoja mbaya. Mishono ilikuwa sawasawa, uzi wa juu na wa chini umekutana pale unapotakiwa kukutana. Haikuhitaji hata tone la mafuta. Katika miaka yangu yote nilikuwa nikienda nyumbani kwa watu kutengeneza mashine mbovu, na leo nilikuwa nimeifuata mashine nzima ili niivunje. Nawaambieni, niliona haya mpaka machozi yakanilenga.

Alikata uzi kwa meno, akanirushia koti. Kisha akatelezesha bamba mwenyewe na kuutoa mtumbwi. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga ndani, mafundo mawili.

"Wambui ana watoto," alisema. "Uchukue. Lakini uurudishe wewe mwenyewe, usimpe mtu wa basi. Na usipite tena hapa bila kupiga honi. Ukiwa na haraka, piga honi uende, nijue umeniona."

Sikumwuliza yeye atashonea nini. Ningeuliza, nisingeweza kuuchukua, na nilijua hivyo.

Nililala kwake, nikaondoka alfajiri. Barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nyahururu ilikuwa ya udongo, na Jumamosi ile ilikuwa tope tupu. Nilikwama mara mbili, na mara ya pili nikawapa mikungu yote ya ndizi watu walionisukuma. Nilifika kwa Wambui alasiri. Alikuwa mlangoni, vidole viwili vimefungwa vitambaa. Nyuma yake niliona yale magauni, yaliyoshonwa kwa mkono yakiwa manne, yaliyokatwa yakiwa rundo.

Kabla sijashusha mashine nilimweleza, tukiwa tumesimama pale uani. Wambui si mtu wa makelele. Alikipokea kile kitambaa cha kichwa, akakijua ni cha nani.

"Na Tata atashonea nini?"

"Sijui."

"Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Ingia ndani," alisema. "Mimi nitaongoza kitambaa, wewe utazungusha. Hutaondoka hapa mpaka ziishe."

Nilizungusha mkono wa mashine ile kwa siku nne, Jumapili tukipumzika kwenda kanisani, na bega langu la kulia huzikumbuka kila msimu wa baridi. Yule jogoo, ambaye hatukumjua ni wa nani, tulimchinja siku ya pili. Magauni yaliisha siku mbili kabla shule haijafunguliwa. Mwalimu mkuu aliikagua mishono kwa kucha, akampa Wambui kazi ya kaptura za wavulana pia.

Kwa hiyo mtasema mambo yaliisha vizuri. Kwa Wambui, ndiyo.

Nilitafuta mtumbwi mwingine kila mahali. Nilipekua vyuma vikuukuu Gikomba mpaka wauzaji wakawa wananiita Bwana Mtumbwi. Mara moja nilipata uliofanana, mnene kidogo. Nikausugua kwa tupa siku tatu, nikapunguza mno, ukaharibika. Kila nilipokwenda huko juu nilipiga honi langoni kwa Shangazi, nikaingia na mikate. Hakuniuliza hata mara moja. Wanawake wa kanisa walikuwa wakishonea Karatina siku hizo, kwa fundi aliyewangojesha. Mashine ilikuwa palepale dirishani, imefunikwa kitambaa, na mimi nilikaa nikiipa mgongo. Alijua kwa nini nakaa hivyo. Aliniachia kiti kile kile kila mara.

Ilikuwa hivyo kwa miaka minne, mpaka Wambui alipopata mashine ya miguu kwa kazi za shule mbili. Wakati huo mashine za Kichina zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na vipuri vyake vilipatikana hata kwenye kibanda cha nguo. Akausafisha ule mtumbwi, akaupaka mafuta, akaufunga kwenye kitambaa kilekile alichokuwa amekifua na kukitunza. "Ulisikia alivyosema," aliniambia. "Wewe mwenyewe."

Nilipopiga honi siku ile sikungoja nikaribishwe. Shangazi alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Nilimwekea fundo lile mkononi, akalipapasa, akajua. "Twende," alisema. Nikaifunua mashine, nikapangusa vumbi, nikatia tone moja kila tundu, nikauweka mtumbwi mahali pake. Alijaribu kutia uzi kwenye sindano, akakosa mara tatu, akanipa.

"Shona kwanza, Tata," nikamwambia.

"Umeanza kuniamuru?" Lakini alikuwa ameshaketi.

Alishona ukingo wa kile kitambaa cha kichwa, pole pole, kwa kidole zaidi kuliko kwa macho. Aliugeuza akaupapasa mshono juu na chini. "Leo ni Alhamisi?" aliuliza.

"Jumatano."

"Basi nina leo tu ya kujiandaa," alisema, akakivuta kikapu miguuni mwake. Sikujua hata kwamba vitambaa vile bado vilikuwamo. "Chai iko kwenye chupa. Jimiminie."

Nilikunywa peke yangu barazani, nikamuaga kupitia dirishani, nikaingia garini. Langoni nilipiga honi kama nilivyoagizwa. Hakutoka kunipungia mkono. Alikuwa na kazi.